Mali bila daftari: Mitego ya picha za bure kwa wanamitindo chipukizi

UJUMBE huja kwa simu, aghalabu jioni. Mpigapicha ameona sura ya msichana katika mtandao wa Instagram na amevutiwa nayo. Ana wazo. Mbunifu wa mavazi yuko tayari, mpambaji yuko tayari, na mahali pa kupigia picha pamepatikana. Pesa hakuna, lakini kila mmoja atapata picha za kujitangazia. Swali limebaki moja tu: Je, Jumamosi ana nafasi?

Kwa kijana anayetamani kuwa mwanamitindo, ujumbe kama huo ni mithili ya mvua baada ya kiangazi kirefu. Fani hii ina kitendawili chake: bila picha nzuri hakuna anayempa mtu kazi, na bila kazi hakuna pesa za kumlipa mpigapicha stadi. Ushirikiano wa bure ndio daraja ambalo wengi hulivuka.

Si ajabu basi kwamba jibu hutolewa papo hapo, kabla ya swali hata moja kuulizwa. Picha hupigwa, watu hucheka, vinywaji huletwa, na kila mtu hurejea kwake akiwa na matumaini tele. Matatizo huanza miezi kadhaa baadaye, msichana anapoiona sura yake kwenye bango la saluni asiyoijua, au katika tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi ambayo hajawahi kuipaka.

Hapo ndipo hubainika kwamba hapakuwa na makubaliano yoyote. Kilichokuwepo ni tabasamu, nia njema na ujumbe mfupi wa simu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la msingi ambalo wanamitindo chipukizi hawana budi kulielewa ni hili: katika ushirikiano wa kisanaa, mtaji wao si urembo pekee. Mtaji wao ni idhini. Urembo huonekana na kila mtu na hauwezi kufungiwa kabatini, lakini ruhusa ya kuutumia kibiashara iko mikononi mwa mwenye sura. Anayeitoa ruhusa hiyo yote kwa mkupuo, bila kipimo wala masharti, hubaki mikono mitupu hata kabla ya kuanza safari.

Funzo la mwaka 1975

Kisa kimoja mashuhuri kilianzia hapa Nairobi. Mnamo 1975, mpigapicha Mmarekani Peter Beard alikutana na Iman, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyezaliwa Somalia. Beard alitaka kumpiga picha. Mwanafunzi huyo hakukubali hivi hivi tu. Alitaka malipo, na malipo yenyewe yalikuwa ni kugharimiwa karo yake ya chuo kikuu.

Picha hizo zilimfungulia mlango wa kwenda New York, na kufikia 1976 alikuwa ameanza kazi na jarida la Vogue. Hata hivyo, zilisafiri pamoja na hadithi ambayo haikuwa ya kweli. Vyombo vya habari vya Marekani vilielezwa kwamba msichana huyo alikuwa mchungaji wa mifugo aliyeokotwa nyikani, asiyejua hata Kiingereza. Ukweli ni kwamba alikuwa binti wa balozi, msomi wa sayansi ya siasa, na aliyezungumza lugha tano.

Yapo mafunzo mawili katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba hata asiye na jina anaweza kutaja bei yake. Iman hakuwa na wakala wala wakili, na hakuwa amewahi kupanda jukwaani. Alijua tu kwamba anayemhitaji ndiye aliyemfuata, na kwamba alichoombwa kilikuwa na thamani.

La pili ni zito zaidi. Alikubaliana na mpigapicha kuhusu malipo, lakini hakuwa na udhibiti wa maelezo yaliyoandamana na picha. Hadithi ya mchungaji wa nyikani ilimfaa aliyeisimulia kwa kuwa iliongeza mvuto wa picha, ingawa ilimdunisha aliyepigwa. Kumbe makubaliano hayapaswi kuishia pale kamera inapozimwa. Ni lazima yaifuate picha hadi inakokwenda, pamoja na maneno yatakayoandikwa chini yake.

Ni sadfa njema kwamba mwaka 1994 Iman huyo huyo alianzisha kampuni ya vipodozi yenye jina lake, akawa yeye mwenyewe ndiye mwenye kunufaika kwa sura yake. Wachache hufika huko. Lakini wote wanaoanza wanaweza kujiuliza swali aliloliuliza akiwa mwanafunzi: Mimi nitapata nini?

Picha ni ya nani?

Wanamitindo wengi wachanga huamini kwamba kwa kuwa sura ni yao, basi na picha ni yao. Sheria ya Kenya haisemi hivyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mtunzi wa picha ni yule aliyewajibika kuipanga na kuiunda picha yenyewe. Kwa kawaida huyo ni mpigapicha. Sura kuwa ya msichana hakumpi msichana sehemu ya hakimiliki. Mpigapicha ndiye mwenye uwezo wa kuinakili, kuichapisha, na kumruhusu mwingine kuitumia.

Mambo hubadilika kidogo pale kazi inapoagizwa. Sheria hiyo inaeleza kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande husika ziwe zimekubaliana vinginevyo. Hivyo, kampuni ya mavazi inayomwajiri mpigapicha kwa kazi maalumu huenda ndiyo ikawa mwenye picha.

Sasa tazama utata unaozuka katika ushirikiano wa bure. Wazo ni la mpigapicha, nguo ni za mbunifu, mapambo ni ya mpambaji, na sura ni ya mwanamitindo. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Mbunifu anaweza kudai kwamba yeye ndiye aliyeagiza kazi kwa sababu nguo ni zake. Mpigapicha atasema wazo lilikuwa lake na mbunifu alialikwa tu. Katika mvutano huo, mwanamitindo ndiye asiye na pa kushika, iwapo anategemea hakimiliki.

Sheria hiyo ina kifungu kingine chenye manufaa. Kuhamisha hakimiliki, au kumpa mtu leseni ya pekee ya kuitumia, hakuna nguvu kisheria pasipo maandishi yaliyotiwa saini. Hii ina maana kwamba ahadi ya mdomo ya mpigapicha, kuwa picha hizi ni zako ufanye utakavyo, haimfanyi mwanamitindo kuwa mmiliki wake. Kama ndiyo makubaliano, na yaandikwe.

Nguvu ya idhini

Ikiwa hakimiliki haimo mikononi mwake, mwanamitindo amebakiwa na nini? Amebakiwa na haki juu ya sura yake, na haki hiyo si haba.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Mwaka 2017, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipoamua kesi ya matumizi ya picha kibiashara, ilieleza mambo matatu ambayo mlalamishi hana budi kuyathibitisha. Kwanza, kwamba kitu kinachomtambulisha, kama vile jina au sura, kimetumiwa. Pili, kwamba kimetumiwa kwa lengo la kujinufaisha. Tatu, kwamba yeye hakutoa idhini.

Jambo hilo la tatu ndilo linalowaponza wengi. Mtu aliyejipeleka mwenyewe mbele ya kamera, akapambwa, akavishwa na kupiga pozi kwa saa nne, atapata kazi ngumu kueleza kwamba hakuridhia. Ataulizwa: Uliridhia nini hasa? Ikiwa hakuna maandishi, jibu litakuwa neno lake dhidi ya neno la mwenzake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imempa silaha nyingine. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Sheria hiyo inakataza data ya mtu kutumiwa kwa biashara bila idhini yake ya wazi, na inamtwika anayeitumia mzigo wa kuthibitisha kwamba aliipata idhini hiyo. Vilevile, mwenye data ana haki ya kuiondoa idhini yake, ingawa kuiondoa hakuharamishi yaliyofanyika awali kwa halali.

Sheria hiyo si maandishi matupu. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya Sh1.85 milioni dhidi ya kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi, kilichochapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huo huo, shule moja ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Ikiwa mteja aliyekwenda kujiburudisha ana haki hiyo, sembuse mwanamitindo ambaye sura ndiyo riziki yake?

Hivyo basi, sheria zinazomgusa mwanamitindo zipo, ila zimetawanyika, na zote zinakutana katika neno moja: idhini. Anayeipima vyema idhini yake huwa amejilinda. Anayetia saini karatasi inayosema kwamba picha zitumike popote, na yeyote, kwa lolote na milele, huwa ameuza ng'ombe pamoja na zizi.

Bure kwa nani?

Haya hayana maana kwamba ushirikiano wa bure ni mbaya. Kubadilishana kazi ni desturi kongwe katika fani hii kote duniani, na wengi waliofaulu walianza hivyo. Tatizo ni kudhani kwamba kisicho na fedha hakina bei.

Ukweli ni kwamba ushirikiano wa aina hiyo ni biashara ya kubadilishana mali kwa mali, na kila upande hauna budi kuangalia mizani. Mwanamitindo huleta siku yake nzima, nauli, maandalizi ya nywele na ngozi, na sura itakayoufanya ubunifu wa wenzake uonekane. Mpigapicha huleta kamera, taa, ujuzi na saa nyingi za kuhariri. Mbunifu huleta nguo zilizomgharimu vitambaa na fundi. Mizani ikilingana, wote hufaidi.

Kuna kipimo kimoja rahisi cha kutofautisha ushirikiano na unyonyaji. Je, kuna mtu atakayeuza kitu kwa kutumia picha hizi? Ikiwa jibu ni la, na picha zitaingia tu katika jalada la kila mmoja ili kuonyesha uwezo wake, huo ni ushirikiano. Ikiwa jibu ni ndiyo, kwa maana kwamba picha zitatumiwa kuuza gauni, kutangaza hoteli au kuvutia wateja wa saluni, hiyo ni kazi, na kazi ina ujira.

Mbunifu anayesema hana bajeti ilhali ana duka la mtandaoni lenye bei kwenye kila vazi hashirikiani na mtu. Anatafuta tangazo la bure. Mwanamitindo anaweza bado kukubali, pengine kwa sababu jina la mbunifu huyo litamfaa, lakini na akubali akijua anachokitoa. Anaweza kuomba gauni moja badala ya fedha, au kukubali picha zitumike kwa miezi mitatu pekee, kisha walipane zikiendelea kutumiwa.

Kipimo cha pili ni ubora. Jalada la picha halihesabiwi kwa wingi. Picha sita nzuri, za mitindo tofauti, zina manufaa kuliko sitini zinazofanana. Chipukizi anayeitikia kila mwaliko hujikuta baada ya mwaka mmoja na mamia ya picha zisizompeleka popote, huku sura yake ikiwa imezagaa kote kiasi kwamba hakuna kampuni inayoiona mpya.

Kwa hiyo, kabla ya kuitikia, inafaa kutazama kazi za awali za anayemwalika. Je, anapiga picha anazozihitaji? Je, wanamitindo aliofanya nao kazi wametajwa majina? Je, walizipata picha zao? Kuwaandikia wawili watatu miongoni mwao na kuwauliza hakugharimu kitu.

Mambo ya kuandika

Mkataba si lazima uwe na kurasa kumi za lugha ya mawakili. Ukurasa mmoja wa Kiswahili au Kiingereza chepesi, uliotiwa saini na pande zote kabla ya kamera kuwashwa, unatosha. Pasipowezekana hata hilo, ujumbe wa WhatsApp au barua pepe inayoorodhesha makubaliano, na kujibiwa kwa neno "nimekubali", ni bora mara elfu kuliko mazungumzo ya mdomo. Ujumbe huo usifutwe.

Jambo la kwanza la kuandikwa ni matumizi. Picha zitaonekana wapi: katika kurasa za washiriki mitandaoni, katika jarida, au kwenye mabango? Zitatumika kwa muda gani? Je, mpigapicha anaruhusiwa kuiuzia kampuni nyingine? Hapa ndipo kisa cha bango la saluni huzuiwa. Sentensi moja inayosema kwamba matumizi yoyote ya kibiashara yatahitaji makubaliano mapya inaweza kuokoa miaka ya majuto.

La pili ni picha zenyewe. Mwanamitindo atapata picha ngapi zilizohaririwa, za ukubwa gani, na lini? Wengi hulalamika kwamba walingoja miezi sita na kuambulia picha mbili zenye nembo kubwa ya mpigapicha katikati. Tarehe ikiandikwa, kuna pa kuanzia kudai.

La tatu ni uhariri. Teknolojia ya sasa inaweza kupunguza kiuno, kurefusha shingo na kung'arisha ngozi. Nchini Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha za matangazo ambazo umbo la mwanamitindo limebadilishwa kwa kompyuta zinatakiwa kubainishwa hivyo. Hapa Kenya, suala la rangi ya ngozi lina uzito wake. Ajuma Nasenyana, mzawa wa Turkana aliyefikia majukwaa makubwa ya dunia, amekuwa akipinga hadharani dhana kwamba ngozi nyeusi inahitaji kung'arishwa. Mwanamitindo mwenye msimamo kama huo asingoje kuiona sura yake imegeuzwa rangi ndipo alalamike. Aseme mapema, na iandikwe.

La nne ni majina. Kila picha inapochapishwa, washiriki wote watajwe, na maelezo yanayoihusu yasipotoshe utambulisho wa aliyepigwa. Katika kazi isiyo na malipo, kutajwa jina ndiyo sehemu kubwa ya ujira.

La tano ni gharama. Nani atalipia nauli, chakula, ukumbi na vibali? Nguo ikichanika, ni nani atailipia? Haya ni madogo yanayovunja urafiki mkubwa.

Usalama kwanza

Mbali na mali, kuna jambo linalogusa utu na hata uhai. Wapo watu wanaojiita wapigapicha ilhali nia yao ni nyingine, na kamera kwao ni chambo tu.

Kanuni za kujilinda zinajulikana, ila hupuuzwa kwa kuogopa kuonekana mshamba. Mkutano wa kwanza ufanyike mchana, mahali penye watu. Siku ya kupigwa picha, mwanamitindo aandamane na mtu anayemwamini, na mtu wa nyumbani ajue mahali alipo. Mpigapicha anayekataa kabisa mwenzake huyo asiwepo, hata akiwa ameketi kimya pembeni, amekwisha kujieleza.

Mavazi yakubaliwe kabla, si baada ya kufika. Hila ya kawaida ni kumwalika msichana kwa ajili ya nguo za ofisini, kisha saa mbili baadaye kumwambia kwamba picha zitapendeza zaidi akivua koti, halafu shati. Mtu ana haki ya kukataa jambo ambalo halikuwa katika makubaliano, hata kama watu watano wamesimama wakimsubiri. Kuondoka si utovu wa adabu.

Ikiwa picha za faragha zitasambazwa, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inatoa adhabu ya faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Adhabu hiyo ipo, lakini picha ikishasambaa hairudi. Kinga ni bora kuliko tiba.

Walio chini ya umri wa miaka 18 ni watoto kisheria. Hawapaswi kutia saini karatasi yoyote wala kwenda kupigwa picha bila mzazi au mlezi. Mpigapicha anayemshauri mtoto asiwaambie wazazi hana jambo jema.

Tahadhari kubwa zaidi ni kuhusu safari za nje. Ahadi za kazi za mitindo katika miji ya ng'ambo, zikiambatana na tikiti ya ndege na pasipoti kushikwa na mwenyeji, zinafanana mno na mbinu za walanguzi wa binadamu. Sheria ya Kenya ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Watu, ya 2010, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua Sh30 milioni kwa kosa hilo. Ukali wa adhabu hiyo unaonyesha ukubwa wa hatari yenyewe. Kabla ya kupanda ndege, mkataba usomwe na mtu anayeuelewa, kampuni ithibitishwe kuwa ipo, na pasipoti ibaki na mwenyewe.

Mawakala na akili unde

Baadhi ya chipukizi hudhani kwamba tatizo litakwisha wakipata wakala. Wakala mwema ni msaada mkubwa, maadamu yeye hupata riziki pale mwanamitindo wake anapolipwa. Lakini wapo wanaojipatia riziki kwa kuwatoza vijana ada ya usajili, ada ya mafunzo na ada ya picha, kisha wasiwatafutie kazi hata moja.

Jimbo la New York, ambalo ni mojawapo ya ngome za mitindo duniani, lilitunga sheria kuhusu suala hilo. Sheria hiyo ilitiwa saini Desemba 2024 na kuanza kutekelezwa Juni 2025. Inawakataza mawakala kumdai mwanamitindo amana au ada ili wamwakilishe, na inaweka kikomo cha asilimia 20 kwa kamisheni yao. Sheria hiyo haina nguvu Nairobi, lakini ni kipimo kizuri cha kumpimia wakala yeyote: Je, huyu anakula ninapokula, au anakula mimi nikiwa na njaa?

Sheria hiyo inagusia pia jambo jipya ambalo halikuwepo wakati wa Peter Beard. Kwa kutumia akili unde, kompyuta inaweza kuunda nakala ya mtu na kuivisha mavazi ambayo mwenyewe hakuwahi kuyagusa. New York inataka nakala kama hiyo iwe na idhini ya maandishi ya pekee, inayotaja kusudi, malipo na muda wa matumizi.

Kwamba jambo hili si ndoto kulidhihirika Machi 2025, kampuni ya mavazi ya H&M ilipotangaza mpango wa kuunda nakala za kidijitali za wanamitindo 30. Kampuni hiyo ilisema kwamba wanamitindo wenyewe wangekuwa na haki juu ya nakala zao na kulipwa zinapotumika. Hao ni wanamitindo wenye mawakala na mawakili. Chipukizi wa Nairobi aliyetia saini karatasi inayoruhusu picha zake kutumiwa kwa njia yoyote, iliyopo au itakayovumbuliwa, huenda amekwisha kuitoa nakala yake bila kujua. Maneno kama hayo yakionekana katika fomu, yakatwe kwa kalamu kabla ya kutia saini.

Karatasi hailindi upande mmoja

Baadhi ya wapigapicha hulalamika kwamba karatasi huua urafiki na kwamba sanaa haihitaji urasimu. Wengine husema wazi kuwa chipukizi anayeuliza maswali mengi ataachwa, kwa kuwa wanaotaka nafasi yake ni wengi.

Hoja ya pili ina ukweli wake, na haifai kupuuzwa. Asiye na jina hana nguvu nyingi za kujadiliana, na atazikosa baadhi ya nafasi kwa sababu ya maswali yake. Lakini inafaa kujiuliza ni nafasi za aina gani zinazopotea kwa sababu mtu ameuliza picha zake zitakwenda wapi.

Kuhusu hoja ya kwanza, wapigapicha wenyewe ndio wenye sababu kubwa ya kutaka maandishi. Sheria ya 2019 inapomtwika mtumiaji wa picha mzigo wa kuthibitisha idhini, mpigapicha asiye na karatasi ndiye aliye hatarini. Mwanamitindo akilalamika miaka mitatu baadaye, neno "tulielewana" halitamwokoa. Fomu ya idhini iliyoandikwa vyema ni mwavuli unaowakinga wote wawili.

Wadau wa sekta hii wangeweza kurahisisha mambo. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, vyama vya wapigapicha na vyuo vinavyofundisha ubunifu wa mavazi wangekaa pamoja na kuandaa fomu moja fupi, kwa Kiswahili na Kiingereza, ambayo kijana yeyote angeipata bure kwenye simu yake. Kijana anayetoa karatasi inayotumiwa na wote haonekani mkorofi. Anaonekana anajua kazi.

Hadi hilo litakapofanyika, jukumu limo mikononi mwa mwenye sura. Ujumbe utakapokuja jioni, wenye wazo zuri na Jumamosi iliyo wazi, si lazima jibu liwe la kukataa. Linaweza kuwa la furaha, na kufuatiwa na maswali matatu: Picha hizi zitatumika wapi, kwa muda gani, na nani atanufaika? Mshirika wa kweli atayajibu bila kinyongo. Asiyeweza kuyajibu amekwisha kutoa jibu lake.